Njia ya Sita kwenye Meza ya Vigari

Amal, anayekalia sasa kiti changu pale nadi, yaani klabu, ya mji wa Ibra huku Omani, aliniomba niandike jinsi ya kuitunza meza ya vigari. Nikamwambia, binti yangu, meza inaondoka mwezi huu, hutapata ya kutunza. Akasema, "Bas, andika vile ilikuwa, Ami. Watu watauliza." Sijui ni nani huyo atakayeuliza. Lakini nimestaafu, mikono imezoea kushika kitu, na kalamu ni nyepesi kuliko bisibisi. Habari za vyeo na mshahara zimo kwenye faili, mwenye haja nazo akazisome huko. Mimi nitaandika yasiyomo kwenye faili. Moja kati ya hayo ni la aibu, na hilo ndilo lililonifanya nikubali.

Kwa asiyewahi kuiona, meza ilikuwa ya mbao, imejaa ukumbi karibu wote, ina kona tano na daraja moja. Juu yake ilichongwa mifuo sita inayokwenda sambamba, na kila mfuo ni njia ya kigari kimoja. Kandokando ya mfuo zimebandikwa tepe mbili za shaba, ndimo unamopita umeme. Kigari chenyewe hukaa kiganjani. Chini yake kina ulimi unaoingia kwenye mfuo, na brashi mbili ndogo za nyuzi za shaba zinazogusa zile tepe. Mchezaji husimama ukingoni na kontrola mkononi. Akiminya, kigari kinakimbia. Akiminya sana penye kona, kinaruka kwenda sakafuni. Ndio mchezo wote. Unaweza kumweleza mtu kwa dakika mbili, naye akaucheza miaka ishirini asiuweze.

Nilianza kazi nikiwa kijana mwenye cheti cha umeme na Kiarabu kilichowachekesha watu wa Ibra. Wazee wangu walinileta kutoka Unguja nikiwa mdogo, na nyumbani kwetu Arabuni iliishia mlangoni, ndani kilisemwa Kiswahili tu. Nikapelekwa nadi kwa Fundi Mbarouk. Yeye alikuwa mtoto wa mjini Unguja, alikuwa akitengeneza redio huko kabla ya kuja huku, na ndiye aliyeiunga meza ile kutokana na vipande walivyoviacha wahandisi wa kigeni walipofunga kambi yao. Siku ya kwanza nilipokewa mlangoni kwa kahawa na halwa kama mgeni. Nikala, nikajifuta vidole kwa leso, nikaingia ukumbini, na kwa kutaka kuonekana najua kazi nikagusa shaba kwa kidole.

"Umekula halwa?" Fundi Mbarouk aliniuliza, hata salamu bado.

"Ndiyo, Fundi."

"Haya, nenda kanawe. Ukisha kunawa, unawe tena. Halafu urudi tuamkiane."

Nilikwenda nikanawa mara mbili, nikarudi nikasema shikamoo, akaitika marahaba. Kisha akanipa kitambaa cheupe na chupa ya spiriti, nikapangusa shaba mpaka adhuhuri. Siku ya pili vilevile. Wiki nzima sikushika bisibisi. Nilimuuliza kwa nini kitambaa kiwe cheupe, wakati makabati yalijaa matambara ya kila rangi. Akasema cheupe kinakuonesha ulichokitoa. Tangu siku hiyo karai la maji na sabuni likawekwa mlangoni mwa ukumbi, na mgeni awe mkubwa vipi, aliambiwa maneno yaleyale ya Fundi, akanawa kabla ya kushika kontrola. Nimewahi kumnawisha mtu aliyekuja na msafara wa magari matano. Alinawa.

Vifaa vyetu havikuwa vingi. Mita ya umeme, pasi ya kulehemu iliyofungwa kitambaa kwenye mpini, tupa ndogo, msasa laini, na chupa ya rangi ya kucha, nyekundu. Rangi hiyo ilikuwa ya muhuri. Sheria ya mashindano ilikataza kufungua mota na kuisuka upya ili iende mbio zaidi, kwa hiyo kila mota ilikaguliwa, ikatiwa tone la rangi penye kifuniko. Ukifungua, rangi inapasuka. Rangi ya kucha ilipatikana soko la Jumatano, na soko hilo ni la wanawake, basi aliyetununulia alikuwa Mwajuma. Mwajuma ni mwanamke wa Tanga aliyekuwa akipika chai pale nadi, na ameishi na meza ile karibu sawa na mimi.

Fundi Mbarouk hakuwa mtu wa maneno mengi, ila alikuwa na kanuni moja aliyoirudia mpaka ikanichosha. Kigari kikikwama, pima meza kwanza. Meza ikiwa nzima, pima kigari. Mtu umwache wa mwisho kabisa. "Mtu ukishamtia ila mbele ya wenziwe," alisema, "hakuna spiriti ya kumpangusia." Nilikuwa nikiitika tu, kama vijana wanavyoitika.

Kesi ngumu ya kwanza niliyoachiwa peke yangu ilikuwa ya birika. Kila Alkhamisi, katikati ya mashindano, vigari vyote sita vilikuwa vinapoa kwa pamoja, kisha baada ya dakika chache vinachangamka. Niliifungua transfoma mara mbili. Nilikagua viungo vyote chini ya meza nikiwa nimelala chali, vumbi linanidondokea machoni. Kumbe jiko la Mwajuma lilikuwa kwenye laini moja na sisi, na alikuwa akichemsha chai. Nikamwomba awe anachemsha kabla ya mashindano, akakubali. Lakini mara mojamoja vigari viliendelea kupoa, na nilipochunguza nikaona hutokea pale mchezaji anayempenda yeye anapoachwa nyuma. Nikamweleza kwamba umeme ukipungua unapungua kwa wote.

"Najua, kaka Nasor," alisema. "Nilikuwa nampa nafasi afikirie."

Kesi ya pili ni mchanga, na hiyo haikuisha mpaka nilipostaafu. Upepo ukivuma kutoka upande wa Bidiyah, mchanga mwembamba unapenya chini ya mlango na kulala ndani ya mifuo, ulimi wa kigari ukasaga na kukwama. Tulijaribu kuupuliza kwa pampu. Unatimka, unatua juu ya shaba, na sasa una kazi mbili. Dawa yake ni unyoya wa kuku, unaoburuzwa taratibu ndani ya mfuo kutoka mwanzo hadi mwisho. Mnaweza kucheka. Meza haipo tena, lakini siku mkiwa na kitu chenye mfuo mwembamba na mchanga ndani yake, mtanikumbuka.

Miaka hiyo Alkhamisi ukumbi ulijaa. Watu walikuja kutoka Al Qabil na Al Kamil wal Wafi, na alikuwapo mmoja aliyetoka mji wa Adam na katoni ya tende kila mara, akishindwa anakula nusu yake mwenyewe kwa hasira. Nizwa walikuwa na meza yao, Sur yao. Wanaume wazima wenye ndevu walikuwa wakibishana juu ya tairi la ukubwa wa kifungo cha shati kwa ukali ambao sijauona hata kwenye mirathi. Nilikuwa na furaha kazini. Nalisema wazi, kwa sababu vijana siku hizi huniuliza kama nilikuwa naona naupoteza umri wangu.

Sasa nifike kwa Zahor. Zahor alikuwa wa Al Qabil, wazee wake walitoka Wete, Pemba. Asubuhi alifanya kazi idara ya maji, alasiri alikuwa shambani kwenye mitende ya babake. Wenzake walinunua vigari vya plastiki dukani. Yeye alichonga bodi la kigari chake kutoka kwenye upongoo, ule uti wa katikati wa kuti la mtende, aliokuwa akiukausha kivulini miezi mitatu kabla ya kuutia kisu. Ulikuwa mwepesi ajabu. Alikuwa mkimya, akiniita Fundi ingawa tunalingana umri, na kwa mikono yake sijaona mwengine. Watu wa Al Qabil walikuwa wakija kumi na tano, ishirini, kwa ajili ya kumtazama yeye tu.

Fundi Mbarouk alistaafu macho yalipomchoka, nikashika mimi nafasi yake. Mwaka huohuo watu wa Sur wakaja kushindana nasi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusimamia jambo kubwa, na nilitaka wageni waondoke wakiisifu Ibra. Zahor alikuwa akishindana kwa upande wetu, na kura ilimpa njia ya sita, ya ukingoni, upande waliokaa wageni. Tena siku hiyo alikuja na babake, mzee aliyekuwa hajawahi kukanyaga ukumbi wetu, akiamini mwanawe mtu mzima anapoteza wakati. Nikamwekea kiti mbele kabisa.

Mgeni kwetu hufukiziwa, hilo halina mjadala. Nikaagiza vyetezo vitatu vya ubani, ubani mzuri, si wa vumbi, vianze tangu adhuhuri. Upepo ulikuwa mkali, madirisha tumeyafunga kwa sababu ya mchanga. Chetezo kimoja nikakiweka miguuni pa yule mzee, hatua moja kutoka njia ya sita. Shaba nilikuwa nimeipangusa asubuhi, nikahesabu kazi imekwisha. Mwajuma alipita na sinia akasimama.

"Kaka, huo moshi umezidi," alisema. "Kila mkifukiza, bilauri zangu kabatini zinashika mafuta mpaka nizioshe kwa sabuni."

"Bilauri ni bilauri, Mwajuma. Wageni hawapokewi kwa harufu ya vumbi."

Akaenda zake. Alikuwa ameniambia kila kitu, na mimi nilisikia habari ya bilauri.

Mashindano yalianza baada ya alasiri. Mizunguko ya mwanzo Zahor aliwaacha watu wa Sur mbali, na babake akaanza kusogea ukingoni mwa kiti. Kisha kigari kikaanza kwikwi. Kikaenda, kikasita, kikaenda. Sheria yetu ilikuwa hii: kigari kikiruka, msimamizi anakirudisha kwenye mfuo, kikisimama chenyewe, hakisukumwi. Kimesimama, kimesimama. Mzunguko wa mwisho, baada ya daraja, upande wa mbali wa meza, kikasimama. Zahor akainua mkono kuomba ruhusa kisukumwe, nami nikakataa kwa kichwa. Sur wakapita.

Kilichofuata nakiandika kama kilivyokuwa. Sikuipima meza. Nilikuwa nimefadhaika, wageni wananitazama, na bingwa wetu kashindwa kwa namna isiyoeleweka. Nikakitwaa kigari, nikakigeuza, nikaona rangi nyekundu ya muhuri imepasuka. Nikasema kwa Kiarabu, kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima, kwamba mota hii imefunguliwa. Maana yake kila mtu aliijua: Zahor kadanganya, na udanganyifu wake umemchoma mwenyewe.

Zahor alinitazama. Kisha akakitazama kile chetezo miguuni pa babake, kisha akanitazama tena. Nililiona jicho lile na sikulielewa.

"Fundi, ukisema umeona, umeona," alisema kwa Kiswahili, taratibu.

Akakifunga kigari kwenye kitambaa, akamshika babake mkono akamwinua. Yule mzee aliponipita alisimama, akanishukuru kwa mapokezi mema. Mpaka leo nikiikumbuka shukurani ile sijui pa kuuweka uso wangu.

Baada ya siku tatu nilichukua kitambaa cheupe na spiriti nikaanza kazi ya kawaida. Njia ya kwanza kitambaa kilitoka na rangi hafifu. Ya tatu kikawa cha manjano. Ya sita kilinata. Nikakinusa, kikanukia ubani. Utomvu wa moshi ulikuwa umelala juu ya shaba kama ulivyolala kwenye bilauri za Mwajuma, na umeme ulikuwa haupiti sawasawa. Nikavitoa vigari vingine kabatini nikatazama mihuri. Mitatu ilikuwa imepasuka kama wa Zahor, na mota zake hazikuguswa na mtu. Chupa ya rangi ilikuwa kongwe, imekauka, na mimi ndiye niliyeona uvivu kumtuma Mwajuma sokoni. 

Nilikuwa na wiki ile yote ya kwenda Al Qabil. Badala yake nilikwenda kumwamkia Fundi Mbarouk nyumbani kwake. Habari zilikuwa zimemfikia, kwani Ibra habari hazina haja ya gari. Alikuwa amelala ubavu, macho hayaoni tena vizuri.

"Uliipima meza?" aliniuliza.

"Niliipima, Fundi."

"Kwanza?"

"Kwanza."

Akaitikia kwa kichwa pole pole. "Basi umefanya haki, mwanangu."

Hakukaa sana baada ya hapo, akafariki. Nilimbeba pamoja na wenzangu, na uongo ule nikarudi nao nyumbani. Ninyi mnaosoma haya mtasema, ni jambo dogo, mchezo wa vigari. Mimi pia nilijiambia hivyo miaka mingi, na halikupungua. Kila wiki iliyopita iliifanya wiki inayofuata kuwa ngumu zaidi. Ningesema nini, na kwa nini sikusema jana? Nikapiga marufuku ubani ukumbini, nikawaambia wakubwa ni kwa ajili ya wenye pumu. Wakanisifu kwa kujali afya za watu.

Watu wa Al Qabil ndio waliotangulia kupungua. Hawakugomba na mtu, waliacha kuja tu. Bila wao mashindano yakapoa, na wa Al Kamil wal Wafi wakaona safari ni ndefu kwa kutazama watu wanne. Baadaye yakaja mengine, ambayo hayakuwa yangu. Duka la Maskati lililotuuzia tairi na brashi likafungwa. Tairi za akiba zikakauka kabatini zikawa ngumu kama mbegu za tende. Meza ya Nizwa ikavunjwa, ya Sur ikatoa nafasi kwa vyuma vya mazoezi. Vijana wakapata magari ya kweli ya kupandia mchanga wa Bidiyah, na anayeweza kupindua gari zima mchangani na kutoka salama hatosheki na la kukaa kiganjani. Kisha simu.

Kila aliyeniuliza kwa nini mchezo unakufa, nilimjibu, simu. Ni jibu zuri, halina ubishi. Lakini Ibra watu walianza kupungua kabla ya simu, na mimi naijua Alkhamisi waliyoanzia. Sisemi kwamba meza ingekuwa hai leo kama ningesema kweli. Pengine ingekufa vilevile. Ila ingekufa kwa kufikwa na siku yake yenyewe, na mimi ningekuwa sina mkono ndani yake.

Miaka ya mwisho nilipangusa shaba kila Alkhamisi, watu wawili wakaja, mara nyengine hakuja mtu. Nilipostaafu hakuna aliyeendelea kupangusa, na simlaumu Amal, hakuna anayetandika kitanda cha chumba kisicholalwa. Ndipo akanipigia simu kuniambia kwamba siku imepangwa, Jumapili mafundi watakuja kuikata meza, ukumbi utawekwa skrini na viti vyenye usukani. Sina ugomvi na skrini. Nilichokisikia mimi ni kwamba ukumbi nilimosemea lile neno hautakuwapo tena, na mimi bado sijaliondoa.

Siku ya pili yake nilikwenda Al Qabil. Nilimkuta Zahor shambani, ameinama anazibua mfereji wa maji, ndevu zote nyeupe. Alinitambua mara moja. Akanawa, akanikaribisha mkekani, akaleta kahawa na tende, akaniuliza habari za watoto wote mmoja mmoja. Nikamwambia nilichokuja nacho, tangu chetezo mpaka kitambaa, mpaka Fundi Mbarouk. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nnajua," alisema.

"Unajua tangu lini?"

"Nlidhani palepale, moshi ulikuwa umenikalia miguuni. Nlipofika nyumbani nkazifuta brashi, zikanukia. Bas, nkajua."

"Na kwa nini hukusema, Zahor?"

Alikizungusha kikombe kidoleni. "Baba alikuwa kafurahi, Fundi. Garini alisema hajafukiziwa vile tangu Wete. Sasa mimi nsimame mbele ya watu wa Sur, nseme ubani mliomfukizia baba yangu ndio ulioniharibia? Hiyo si adabu, wallahi. Nkasema ntangoja. Fundi atapangusa, atauona, atakuja."

Nikaiweka tende chini.

"Nlingoja mwaka," alisema. "Halafu nkaacha kungoja."

"Na mzee? Alikufa akiamini..."

"Aliniuliza njiani, umefungua? Nkamwambia sikufungua. Akasema khalas. Baba hakuuliza jambo mara mbili."

Nikamwomba radhi. Akasema alishanisamehe zamani, tena si kwa wema, ni kwa kuchoka. Kisha akanitazama lile jicho la siku ile, na safari hii nikalielewa.

"Lakini ulisemea kule, Fundi. Hukusemea hapa."

"Meza inakatwa Jumapili."

"Basi una Alkhamisi."

"Utakuja?"

"Inshallah."

"Inshallah ya kuja, au ya kunitoa shambani kwako?"

Akacheka kidogo, akanijazia kikombe.

Alkhamisi alasiri nilipofika nadi, Amal, niliyekuwa nimempa habari kwamba nakuja, na wenzake walikuwa wametayarisha tafrija ya kuniaga mimi na meza. Kahawa, sinia ya halwa, viti vimepangwa. Wachezaji wa zamani walikuja kama kumi na mbili, wawili kati yao wa Sur, waliokuwapo siku ile. Mwajuma alisimama mlangoni mwa jiko lake. Na kwa kunikirimu, vijana walikuwa wamewasha vyetezo viwili. Kimoja kilikuwa ukingoni mwa njia ya sita, moshi umesimama wima.

"Amal, mwanangu, kitoe hicho," nilisema. "Haraka."

"Kwa nini, Ami? Ubani hii ni ya Dhofar, nzuri sana. Tumenunua kwa ajili yako."

"Waache, Fundi." Zahor alikuwa nyuma yangu, ana kitambaa mkononi. "Wanakukirimu. Waache."

Basi nikaviacha. Nikasimama pale niliposimama siku ile, nikasema kwa Kiarabu kwanza, kisha kwa Kiswahili kwa ajili ya Mwajuma. Nilisema mota ya Zahor haikufunguliwa. Nilisema ubani nilioufukiza mimi ndio uliomsimamisha, na muhuri ulipasuka kwa rangi yangu mbovu, na nililijua hilo baada ya siku tatu nikanyamaza mpaka nimezeeka. Nilisema Mwajuma alinionya. Nilisema Fundi Mbarouk aliniuliza nikamdanganya.   Mmoja wa wale wa Sur alivua kilemba chake akakiweka magotini.

Zahor akafungua kitambaa. Bodi la upongoo lilikuwa limegeuka rangi ya kahawa kwa ukale. Akanawa mikono kwenye karai la mlangoni, akajifuta, akaja akakiweka kigari kwenye njia ya sita, akaminya kontrola.

Kilikwenda. Shaba haikupanguswa miezi, na moshi ulikuwa juu yake, lakini kilikwenda. Kikapita kona ya kwanza na kwikwi, kikapanda daraja, kikashuka. Upande wa mbali wa meza, hatua chache kutoka pale kilipokwama zamani, kikasimama. Zahor akainua mkono kuomba ruhusa, na ukumbi mzima ukanigeukia mimi.

Nikaizunguka meza. Magoti hayaendi kama zamani, ilinichukua muda. Nikainama, nikaweka kidole nyuma ya kigari, nikakisukuma. Nilikisukuma kona ya nne, nikakisukuma kona ya tano, kidole kikiburuzika juu ya shaba njia nzima, na Zahor kule mwisho hakuiachia kontrola, aliiminya mpaka kilipovuka mstari.

Kidole changu kilikuwa na weusi na manjano, na kilinata. Zahor alikitazama, kisha akanitazama usoni.

"Haya, nenda kanawe, Fundi," alisema. "Ukisha kunawa, unawe tena. Halafu urudi tuamkiane."

Nikaenda kunawa.